Kabla Hujalipia Shamba la Kukodi, Ujue Udongo Wake



Kipindi hiki simu nyingi ninazopokea zinauliza mambo matatu: mbegu gani, dawa gani, na soko liko wapi. Ni maswali mazuri, sina shida nayo. Ila kuna swali moja ambalo naulizwa mara chache sana, na ndilo linalomaliza mitaji ya vijana wengi: udongo wa shamba ninalotaka kukodi ukoje?

Unakuta mtu kapata shamba liko karibu na barabara, maji ya bwawa yako jirani, bei ya kodi imepoa. Anafurahi, analipa siku hiyo hiyo. Trekta inaingia, mbegu chotara inanunuliwa, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua. Ukijumlisha vyote, kodi ya shamba mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya hela aliyoizika pale. Mazao yakianza kuwa ya njano wiki ya sita, ndipo anampigia bwana shamba. Hapo ushauri unakuwa wa kuokoa kidogo kilichobaki.

Udongo haukodishwi ukiwa umetengenezwa kama nyumba. Unaukodi kama ulivyo, na kasoro zake zote. Kwa hiyo leo tuongelee namna ya kuukagua kabla hela haijatoka mfukoni. Mifano mingi nitaichukua Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, kwa sababu kule wenyeji wameurahisishia kazi mtu yeyote mwenye masikio. Lakini njia ni zile zile hata ukiwa Dodoma, Iringa au Kilimanjaro.

Anza na jina la udongo

Ukifika kijiji kigeni, usianze kwa kuuliza bei. Msalimie mzee mwenye shamba, "Mwangaluka, baba," kisha muulize: "Udongo wa hapa mnauitaje?"

Wasukuma wana majina ya udongo tangu enzi, na kila jina limebeba ushauri ndani yake. Matamshi yanaweza kubadilika kidogo kijiji kwa kijiji, lakini haya utayasikia:

*Luseni* ni udongo wa kichanga, mwepesi, wa rangi ya kufifia, mara nyingi uko sehemu za juu za mteremko. Unalimika kirahisi hata kwa jembe la mkono. Muhogo, karanga na viazi vitamu vinaupenda. Shida yake haushiki maji wala mbolea kwa muda mrefu.

*Ikungu* ni udongo mwekundu wa tifutifu. Maji yanapita vizuri na mizizi inashuka.

*Ibushi* ni udongo mweusi au wa kijivu wenye mfinyanzi na chembe nyeupe za chokaa ya asili. Huu una rutuba, na wakulima wa pamba na mtama wanaujua vizuri.

*Itogolo* ni udongo ambao juu unaonekana wa kawaida, laini tu, lakini chini kidogo una tabaka gumu kama sakafu. Mara nyingi una magadi. Maji hayapiti, mizizi haipiti.

*Mbuga* ni ule mweusi mzito wa bondeni. Ukilowa unanata kwenye buti mpaka mguu haunyanyuki, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Sasa fikiria mzee kakuambia, "Hapa ni itogolo, sisi tunalima mpunga." Kakupa taarifa ya bure ambayo mwenzako ataijua baada ya kupoteza ekari mbili za tikiti. Ukiona kijiji kizima kinalima mpunga kwenye majaluba na hakuna hata mmoja mwenye nyanya, usidhani wewe ndiye wa kwanza kuona fursa. Uliza kwanza kwa nini.

Shamba moja linaweza kuwa na udongo wa aina tatu

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliandika kuhusu jambo aliloliona Afrika Mashariki: udongo unabadilika kwa mpangilio kuanzia kilimani hadi bondeni, na mpangilio huo unajirudia kilima hadi kilima. Aliupa jina la Kilatini, *catena*, yaani mnyororo. Wataalamu wa udongo duniani wanalitumia neno hilo mpaka leo. Wakulima wa Kisukuma walikuwa tayari wanapanga mazao yao kwa mnyororo huo huo.

Kwa nini inakuhusu wewe? Kwa sababu shamba la ekari tatu linaloshuka kuelekea mtoni linaweza kuanza na luseni juu, likapita itogolo katikati, likaishia mbuga chini. Ukipanda zao moja, kwa mbolea ya aina moja na ratiba moja ya maji, utapata mazao matatu tofauti. Juu mimea ina njaa, katikati imedumaa, chini imezama maji. Halafu unaambiwa mbegu ilikuwa feki.

Kwa hiyo litembelee shamba lote, kuanzia mpaka wa juu hadi wa chini. Angalia rangi inapobadilika, magugu yanapobadilika, na pale mazao ya msimu uliopita yalipoacha mabua membamba. Chora ramani kwenye karatasi na uligawe. Kila kipande kihesabu kama shamba lake.

Vipimo vinne visivyohitaji maabara

Beba jembe, chupa ya maji safi, kipimo cha rula na rafiki mmoja. Nusu siku inatosha.

Kwanza, chimba shimo. Lifike sentimita 60, yaani kupita goti. Usichimbe moja tu, chimba moja kwa kila kipande cha ramani yako. Angalia ukuta wa shimo. Mizizi ya magugu imeshuka mpaka wapi? Kama yote imekatikia sentimita 15 na kutambaa pembeni, kuna tabaka gumu, na nyanya zako zitafanya hivyo hivyo. Ukiona udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, ujue sehemu hiyo hukaa na maji miezi kadhaa ya mwaka, hata kama leo ni kiangazi na panaonekana pakavu.

Pili, finyanga. Chukua udongo kiasi cha yai, ulowanishe mpaka uwe kama donge la ugali, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe. Usipotoa utepe kabisa na ukasikia chembe zinakwaruza, ni kichanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, una mfinyanzi wa kutosha kushika maji na mbolea. Ukizidi sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito na utahitaji matuta yaliyoinuka.

Tatu, pima maji yanavyozama. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina 30. Kijaze maji, yaache yazame yote, jaza tena. Mara hii ya pili simamisha rula na uangalie saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 hadi 7 hivi kwa saa, mboga nyingi zitakaa vizuri. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mizizi itakosa hewa masika. Yakishuka zaidi ya sentimita 10 kwa saa, jiandae kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi, na bajeti ya mafuta ya pampu iongeze.

Nne, kipimo cha magadi. Chukua kidonge kikavu cha udongo wa chini, kama sentimita 30 kwenda chini, kiasi cha punje ya mahindi. Kidumbukize polepole kwenye glasi ya maji ya mvua au ya chupa. Usikoroge, usitikise. Kikibomoka vipande vipande maji yakabaki meupe, haina neno. Kikizungukwa na ukungu kama maziwa baada ya saa moja au mbili, udongo huo una sodiamu nyingi. Ukimwagiliwa unajifunga, juu panatengeneza ganda, na miche inashindwa kutoka. Dawa yake ni jasi na samadi nyingi kwa muda mrefu, pamoja na njia ya kutolea maji. Hiyo si kazi ya mpangaji wa msimu mmoja.

Kuna kijana mmoja kwenye eneo langu la kazi alikodi ekari mbili tambarare kabisa, bwawa liko mita chache. Akapanda tikiti. Mimea ikaota kwa mafungu, ikawa ya njano. Akaongeza urea. Ikazidi. Akaongeza tena. Tulipochimba, mizizi yote ilikuwa imelala kwenye sentimita 12 za juu, na chini yake jembe liligonga kama linagonga tofali. Tikiti zile hazikuwa na njaa, zilikuwa hazina pa kuweka mguu. Mtaji ulikata. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mwenye shamba lile lile alikuwa na ekari nyingine za ikungu upande wa juu, kwa kodi iliyozidi kidogo tu. Msimu uliofuata alirudi itogolo kwa akili nyingine, akainua majaluba akaweka mpunga. Tabaka lile lililoua tikiti ndilo lililomshikia maji.

Uliza shamba limelimwa nini

Udongo mzuri kwa sura unaweza kuwa umebeba ugonjwa. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Kama shamba limebeba ukoo huo misimu mfululizo, kuwa macho na mnyauko wa bakteria. Vimelea vyake vinakaa ardhini miaka, na hakuna dawa ya kupuliza itakayovimaliza.

Ukikuta mimea ya nyanya imebaki shambani, ing'oe. Mizizi ikiwa na vinundu vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na inapenda sana udongo wa kichanga. Ukikuta mmea umenyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata shina karibu na ardhi, liningʼinize kwenye glasi ya maji safi. Ute mweupe ukianza kushuka kama uzi wa moshi ndani ya dakika chache, ni bakteria. Shamba hilo liache, au lipe mahindi.

Na ukiona kiduha kimechanua maua ya zambarau kwenye mahindi au mtama, jua udongo umechoka na mbegu za gugu hilo ziko ardhini zinasubiri.

Sasa nenda maabara

Vipimo vya mkono vinakuambia umbo la udongo. Havikuambii pH wala kiasi cha fosforasi na potasiamu. Hapo unahitaji maabara. TARI Mlingano kule Tanga ndicho kituo kinachojulikana nchini kwa utafiti wa udongo, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro kina maabara yake. Kabla ya kusafiri, uliza idara ya kilimo ya halmashauri yako. Kuna halmashauri zina kifaa cha kupimia udongo, na zitakuelekeza pia kituo cha TARI kilicho karibu nawe.

Kosa kubwa linafanyika kwenye kuchukua sampuli. Hebu tupige hesabu ndogo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukihesabu kina cha sentimita 20 tu, unapata udongo wa zaidi ya mita za ujazo 800, uzito wake ni kama tani 1,000. Wewe unapeleka nusu kilo. Hiyo nusu kilo inasemea tani elfu moja! Ukiichota sehemu moja tu, karibu na zizi la zamani, majibu yatasifia zizi, na wewe utalima kwa majibu ya zizi.

Fanya hivi. Kwa kila kipande cha ramani yako, tembea kwa zigizaga na uchote sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20. Ruka kwenye kichuguu, chini ya mti, njiani, palipochomwa moto na palipolundikwa samadi. Weka kwenye ndoo safi, siyo iliyobebea mbolea. Changanya vizuri, toa nusu kilo, anika kivulini, funga kwenye mfuko mpya na uandike jina la kipande na kina. Usichanganye luseni na mbuga kwenye mfuko mmoja. Utapata wastani wa udongo ambao haupo.

Majibu yakija, anza na pH

Mboga nyingi za biashara, yaani nyanya, vitunguu, kabichi na tikiti, zinafanya vizuri pH ikiwa kati ya 6.0 na 6.8. Mahindi yanavumilia mpaka 5.5. Nanasi na chai vinapenda chini zaidi. Kumbuka kipimo hiki kinaruka kwa mara kumi: udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi ya wenye pH 6. Kwa hiyo usiseme "imepungua moja tu".

pH ikiwa chini ya 5.5, fosforasi unayoweka inashikwa na madini ya aluminiamu na chuma, mmea hauipati. Unanunua DAP, unailisha ardhi. Wenzetu wa Njombe na sehemu nyingine za nyanda za juu zenye mvua nyingi wanaijua vita hii. Hapo chokaa ya kilimo inatangulia mbolea, na inachanganywa na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Kiasi chake fuata maabara, maana kichanga kinahitaji chokaa kidogo kuliko mfinyanzi wenye pH ile ile. Na pH ikiwa tayari 7.5 au zaidi, kama itogolo na ibushi nyingi zilivyo, chokaa usiiguse kabisa, hata jirani akikusifia ilivyomsaidia.

Angalia pia mbolea unayotumia kila msimu. SA na urea zinaongeza tindikali taratibu, SA zaidi. Kwenye luseni mabadiliko yanakuja haraka. Ukiwa na udongo huo, CAN ni salama zaidi kwa kukuzia, na gawanya mara tatu au nne badala ya kumwaga mfuko wote kwa mara moja. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mvua kubwa moja ikinyesha kwenye kichanga, sehemu kubwa ya kilo hizo inashuka chini kusikofikiwa na mizizi, na hela yako inashuka nayo.

Samadi inasaidia udongo wa aina zote. Kichanga kinashika maji, mfinyanzi unalegea. Ila tusidanganyane. Tani tano za samadi kwenye zile tani 1,000 ni nusu tu ya asilimia moja. Utaona faida msimu wa kwanza, lakini kuujenga udongo kunataka miaka.

Udongo na mkataba vinaenda pamoja

Hapa ndipo vijana tunaopanga mashamba tunapigwa bila kujua. Chokaa inafanya kazi misimu kadhaa. Samadi nayo inaendelea kutoa faida mwaka wa pili na wa tatu. Kama mkataba wako ni wa msimu mmoja, unalima kwa gharama yako, na mwenye shamba anavuna faida akimkodisha mwingine mwakani kwa bei ya juu.

Kwa hiyo majibu ya udongo yakusaidie kupanga mkataba wa namna gani:

- Udongo uko vizuri, unahitaji mbolea tu: msimu mmoja unatosha kujaribu.
- Unahitaji chokaa, samadi au matuta ya kudumu: omba miaka mitatu, kwa maandishi, mbele ya uongozi wa kijiji, na gharama hizo zitajwe. Wapo wazee wanaokubali kupunguza kodi ukiwaonyesha karatasi ya maabara, kwa sababu shamba ni lao na linaboreka.
- Una magadi, tabaka gumu au mnyauko wa bakteria: badili zao au badili shamba. Usikubali kubembelezwa na bei.

Na mbuga usiiogope. Bondeni pale pale ambapo nyanya za masika zinaoza, wakulima wa Kanda ya Ziwa wanavuna mpunga, kisha wanapanda dengu zinazokua kwa unyevu uliobaki, bila kumwagilia hata tone. Nani kasema lazima kila kijana alime nyanya?

Wiki hii, kabla ya kutuma hela ya kodi kwenye simu ya mtu, fanya mambo matatu. Uliza jina la udongo, chimba shimo la sentimita 60, na jaza maji kishimo uangalie saa. Mwenye shamba akikukatalia kuchimba shimo moja, hapo hapo umeshapata jibu. Akikukubalia, mkaribishe achungulie na yeye, maana wazee wengi wana mengi ya kusema wakisimama kwenye ukingo wa shimo.

Ukikwama kusoma ukuta wa shimo, piga picha mchana kukiwa na mwanga mzuri, weka rula ionekane, umwonyeshe afisa ugani wa kata yako. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Kazi njema, na mvua za heri.